Adabu ya Kupasha Habari

Katika miaka ya 1946 na 1947 wilaya ya Singida, ambayo wakati ule ilikuwa katika Jimbo la Kati la Tanganyika, ilishikwa na hofu kubwa. Watu walikutwa wamekufa mashambani na katika njia za kwenda visimani, miili yao imeraruliwa. Simba walikuwako katika nchi ile, wala mauti ya mtu kwa simba hayakuwa jambo geni. Lakini ilisemwa kwamba simba wengine hawakuwa simba. Ilisemwa kuwa walikuwa watu, wamevikwa ngozi na kufungwa makucha, wakitumwa na mabwana zao kuua kwa kisasi au kwa ujira. Serikali ilipeleka askari, mashauri yalisikilizwa mahakamani, na baadhi ya walioshtakiwa walihukumiwa kwa uuaji. Habari hii ilivuka bahari. Ilipofika ng'ambo ilikuwa imekwisha kubadilika sura: waliouawa walikuwa wamesahauliwa, na kilichosimuliwa kilikuwa nchi ya ajabu ambayo watu wake hugeuka simba.

A. W. Wyatt aliandika juu ya mambo haya katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1950. Miaka kumi na miwili baadaye Harold Schneider, mtaalamu wa Kimarekani aliyekuwa amekaa na Wanyaturu na kujifunza maisha yao, aliona haja ya kuyapima upya katika jarida lilo hilo. Haja hiyo haikuwa ya bure, kwa sababu ndani ya kisa kimoja mlichanganyika mambo matatu. La kwanza lilionwa: maiti, majeraha, nyayo. La pili lilithibitishwa, kwa kadiri mahakama ya wanadamu iwezavyo kuthibitisha. La tatu lilisemwa. Aliyeandika kwa haraka alilitanguliza la tatu, kwa kuwa ndilo lililokuwa tamu, akalitia la pili katikati, na la kwanza akaliacha mkiani.

Kosa hili halikuzikwa pamoja na wale walioogopa simba wa 1946. Msomaji afungue gazeti lolote la Kiswahili leo, atakuta neno moja dogo lililofanywa kifuniko cha kila chungu. Neno lenyewe ni "inadaiwa". Inadaiwa mzee fulani ni mchawi. Inadaiwa mwalimu fulani amekula fedha za shule. Nani adai? Lugha ya Kiswahili ni karimu sana kwa mtu asiyetaka kuulizwa swali hilo. Inampa "inasemekana", inampa "imeelezwa", inampa "imebainika", na katika yote hayo mtendaji hajulikani alipo. Amejificha katika mnyambuliko wa kitenzi kama mwizi nyuma ya mlango. Sarufi haina hatia. Kauli ya kutendwa ina kazi yake njema, na mara nyingine mwandishi ana wajibu wa kumficha aliyemwambia. Lakini kumficha mtu kwa kumlinda ni jambo moja, na kumficha kwa kuwa hayupo ni jambo jingine, na msomaji aliye mbali hana njia ya kupambanua lipi ni lipi. Anategemea uaminifu wa mtu asiyemwona.

Mkoa wa Singida, uliopata kuwa mkoa mwaka 1963, ni nchi ya mawe makubwa yaliyopangana kama yamewekwa na mikono, ya upepo usiopumzika, ya alizeti na vitunguu na mtama. Mjini kuna maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Ni mahali ambapo magazeti makubwa ya Dar es Salaam hayaweki ofisi yenye watu wengi. Huweka mtu mmoja, aghalabu kijana, aghalabu bila mkataba, ambaye hulipwa kwa kila habari inayochapwa. Habari isiyochapwa hailipwi, hata kama nauli ya pikipiki ilitoka mfukoni mwake na vumbi la njia lilimkauka kooni. Mtu mmoja wa namna hiyo, ambaye jina lake si la kutajwa hapa, alifikwa na jambo linalostahili kuelezwa kwa urefu.

Alikwenda katika kijiji kimoja kuandika habari ya kisima. Kisima kilikuwa kimeharibika, mwenyekiti wa kijiji alilalamika, na habari yake ilikwisha kabla ya saa sita mchana. Alipokuwa akingoja pikipiki ya kurudi alikaa kivulini katika zahanati, akaongea na muuguzi, mama wa makamo aliyekuwa peke yake pale na kazi ya watu watatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa habari ya kisima? Kisima kitatengenezwa. Kuna mambo ambayo hayatengenezwi."

Ndipo alipomweleza. Katika mti wa mbele ya zahanati ilining'inia mizani ya kupimia watoto wachanga. Kila mwezi akina mama walikuja, wakawatia watoto katika mfuko wa mizani, wakaandikiwa uzito, wakachanjwa. Mwezi uliopita muuguzi alipomvua nguo mtoto wa kike wa wiki chache aliona jeraha. Halikuwa la kwanza kuliona. Mama wa mtoto alisema ni "lawalawa".

Msomaji asiyejua habari za Singida na Dodoma anahitaji maelezo. Lawalawa ni jina linalopewa muwasho na maambukizo ya sehemu za siri na njia ya mkojo kwa watoto, maradhi ambayo dawa za kawaida za hospitali huyaponya. Lakini wengi wameamini kuwa tiba yake ni kumkeketa mtoto. Mwaka 1998 Bunge lilitunga sheria ya makosa ya kujamiiana, ambayo ilimhesabia jinai mtu anayemkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18 au anayesababisha akeketwe, na adhabu yake ikawa kifungo cha miaka mitano hadi kumi na mitano, au faini, au vyote viwili. Sheria ilikuwa njema. Lakini baadhi ya watu walioogopa sheria hawakuiacha desturi, waliiteremsha umri. Msichana wa miaka kumi na miwili anaweza kusema. Mtoto wa wiki tatu hasemi. Ngoma zilinyamaza, sherehe zikakoma, na kisu kikaingia ndani ya nyumba usiku.

Kijana alitoa daftari. Kisha akalirudisha mfukoni, kwa kuwa muuguzi alikuwa amemshika mkono.

"Ukiandika zahanati hii," alisema, "muuguzi ni mimi. Hakuna mwingine. Na mwezi ujao hawatakuja kupima watoto."

Katika maneno hayo machache ilikuwamo mizani nyingine, ambayo hapana shule ya uandishi iliyomfundisha kijana huyu kuisoma. Habari ilikuwa ya kweli. Muuguzi aliona kwa macho yake, haikuwa "inadaiwa". Ilikuwa habari yenye haja kwa taifa, kwani jinai inayofichwa hustawi. Mwandishi aliyeficha jinai dhidi ya mtoto angejibu nini? Lakini ikiwa akina mama wangeogopa kuja kwenye mizani, watoto wangekosa chanjo, na hata yule aliyejeruhiwa asingeonekana tena na mtu awezaye kumtibu. Tena bibi wa mtoto, kama ndiye aliyekata, angefungwa. Na mama pia angefungwa, naye ndiye mwenye maziwa. Ukweli ulikuwa mmoja, na watu wanne walikuwa wamesimama juu yake kama watu wanne juu ya mtumbwi.

Alipiga simu Dar es Salaam. Mhariri, mtu wa maneno machache, alimwuliza mambo matatu: jina la kijiji, jina la baba, picha. Kijana alisema, "Mkuu, picha ya mtoto haiwezekani." Mhariri akajibu kwamba uso ungefichwa kwa kivuli. Wapo wahariri wanaoamini kivuli hicho kwa moyo mweupe. Katika Dar es Salaam, mji wa mamilioni, uso uliofichwa umefichwa. Katika kijiji cha nyumba arobaini, mwandishi akitaja jina la kijiji, umri wa mtoto na kazi ya baba, hata akiufuta uso wote, amemtembeza yule mtoto uchi sokoni. Naye ataishi pale. Atakwenda shule pale, ataposwa pale. Na siku hizi gazeti la jana halifungiwi tena maandazi. Hukaa katika simu za watu miaka na miaka, likingoja kuulizwa.

Baraza la Habari Tanzania, chombo cha hiari kilichoundwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, lina kanuni za maadili zinazotaka mtoto alindwe. Kanuni hizo ni fupi, na mtu huzikariri kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Shida yake ni kwamba zimeandikwa moja moja, ilhali maisha huzileta zote kwa pamoja. Sema kweli. Usidhuru. Mlinde aliyekuambia. Usikie upande wa pili. Pale zahanati, kila moja ya amri hizi ilikuwa ikimvuta mtu yule yule kwa upande wake.

Ni kosa la kawaida kudhani kuwa sheria za nchi zinaimaliza kazi hii. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa mjini Dar es Salaam kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili katika Sauti ya TANU, naye akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Alilipa. Kesi ile yakumbukwa kwa siasa zake, na ni haki. Lakini inaonyesha pia jambo jingine. Bwana Shauri alipoona jina lake limeguswa alikuwa na serikali, na hakimu, na wanasheria wa kumpigania. Sheria za kashfa na za uchochezi, za wakoloni na hata baadhi ya zile zilizofuata uhuru, zimekuwa na masikio makali kwa kilio cha mkubwa. Mahakama ya Afrika Mashariki iliona hivyo tarehe 28 Machi 2019, iliposema kuwa baadhi ya vifungu vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vya Tanzania vilikiuka mkataba wa Jumuiya. Mtoto wa wiki tatu hana mwanasheria. Anayesimama kati yake na kalamu ni mwenye kalamu tu, na hapo ndipo maadili huanza kufanya kazi ambayo sheria haikuifanya.

Tena kutaja jina si jambo jepesi katika nchi hizi. Arusha, ambako si mbali na Singida, tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari: Nahimana na Barayagwiza wa redio RTLM, na Ngeze wa gazeti Kangura. Rufani ya mwaka 2007 iliyafuta baadhi ya mashtaka na kupunguza adhabu. Redio ile haikuishia kutukana kabila. Ilisoma majina ya watu, ikataja na mahali walipo. Jina likitamkwa hewani, wenye mapanga walijua pa kwenda. Singida si Rwanda, wala kisa cha zahanati si vita. Hata hivyo mkoani Singida, kama ilivyokuwa Shinyanga na kwingineko, wamepata kuuawa akina mama wazee kwa tuhuma za uchawi, na wakati mwingine ushahidi wote ulikuwa macho mekundu, macho ya mtu aliyepika miaka hamsini katika moshi. Mwandishi anayeandika "inadaiwa kikongwe huyo alikuwa mshirikina" ameua mara ya pili, na pengine amemwonyesha msomaji mwingine mlango wa jirani.

Kijana hakupeleka jina la kijiji. Alirudi mjini, akakaa siku mbili na vitabu vya takwimu, jambo ambalo waandishi wengi hawalipendi kwa sababu halilipwi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa mkoani Singida wanawake 51 katika kila 100 walikuwa wamekeketwa. Ule wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha 31. Magazeti yalikuwa na haki ya kushangilia: desturi yapungua! Kijana alisoma tena, akaona kilichokuwa kimeandikwa wazi kwa yeyote mwenye subira. Waliohesabiwa ni wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mtoto aliyekatwa akiwa na wiki tatu mwaka 2015 hawezi kuingia katika hesabu ile kabla ya mwaka 2030. Pungufu lile lilikuwa la kweli kwa mama zao na dada zao. Juu ya wachanga halikusema kitu. Hapakuwa na uongo wowote katika takwimu. Uongo ulikuwa ukingojea katika kichwa cha habari.

Basi aliandika hivyo. Aliandika kuwa katika wilaya moja ya Singida watumishi wa afya wanaona majeraha kwa watoto wachanga. Alieleza lawalawa ni maradhi gani na yanatibiwa na dawa gani, na hapo alimtafuta daktari wa mkoani akasema kwa jina lake. Aliwauliza wazee wawili wanaoitetea desturi, akaandika maneno yao bila kuyakejeli. Alieleza hesabu. Makala ilikuwa nzuri, wala haikuwa na jina la mtu aliye dhaifu.

Gazeti liliichapa ukurasa wa mikoani, imepunguzwa nusu. Hesabu ilikatwa. Wazee walikatwa. Pembeni ilitiwa picha ya mwanamke mzee ameshika wembe, na chini yake pakaandikwa neno "ngariba". Kijana hakuipiga picha ile. Ilitoka katika maktaba ya gazeti, imepigwa miaka mingi kabla katika mkoa mwingine kabisa, na mama yule, kama alikuwa hai bado, hakuwahi kufika Singida. Alipiga simu kulalamika. Alijibiwa kwa upole kuwa marekebisho yangetolewa. Yalitolewa baada ya siku tisa, mistari minne, chini ya tangazo la mnada wa magari. Hii nayo ni desturi, na yafaa wahariri waiangalie kwa jicho lile lile wanalowaangalilia Wanyaturu: kosa hupigiwa tarumbeta, toba hunong'onezwa.

Malipo ya makala yale hayakufidia nauli. Jambo hili lisipitwe kwa aibu, kwa maana wanaohutubia juu ya maadili ya uandishi aghalabu ni watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Wiki iyo hiyo kijana alihudhuria semina katika ukumbi mmoja mjini, na ilipokwisha waandishi walipewa bahasha za kaki, "za usafiri". Alikuja kwa miguu. Aliipokea. Kesho yake aliiandika semina ile kwa maneno ya heshima kuliko ilivyostahili, naye alijua. Msomaji anayetaka shujaa atakuwa amevunjika moyo hapa. Lakini mtu aliyemlinda mtoto siku ya Jumatatu na kuuza sifa siku ya Alhamisi ni mtu mmoja, na tajiri wa gazeti anayemlipa kwa mstari anajua vema ni nani anayemlipia chakula siku zisizo na mistari. Kumtaka mwandishi awe huru, kisha kumwacha ale kwa mkono wa yule anayemwandika, ni kumfunga mbuzi kambani na kumlaumu kwa kutotembea.

Gazeti halikufika kijijini. Magazeti hayafiki kule. Lakini ukurasa ulipigwa picha na mtu, ukazunguka katika simu, na ukafika kabla ya siku ya kupima watoto. Mwanamke mwenye wembe hakutambuliwa na mtu, nalo likawa jambo la kheri lililotokana na kosa, kwa kuwa wanakijiji walihakikishiana kuwa habari ile ni ya kwingine.

Siku ya mizani kijana alikodi pikipiki kwa fedha zilizobaki katika bahasha, akaenda. Hakuwa na habari ya kuandika. Alikaa kwenye jiwe mbali kidogo, upepo ukipiga, mizani ikiyumba katika tawi. Muuguzi alimwona, hakumwita. Alikuwa na daftari lake mwenyewe, kubwa, la majina na uzito, ambalo halisomwi na mtu ila wa idara ya afya. Hadi saa nne walikuwa wamekuja akina mama kumi na wanne. Mwezi uliopita, muuguzi alimwambia baadaye, walikuwa ishirini na mmoja; lakini ulikuwa msimu wa kuvuna vitunguu, na wengine huchelewa. Walikaa wote wawili kivulini, wakitazama njia.

Saa sita kasorobo alitokea mmoja zaidi, mtoto mgongoni.

"Ndiye?" kijana aliuliza.

Muuguzi alisimama, akaenda kuishika mizani isiyumbe, wala hakumjibu.